Shajara ya mradi: nani anajaza jedwali la njia?

Siku ya 1

Mradi huu umezaliwa kwa hasira. Ruta yetu ya mpakani (mashine inayoelekeza data kati ya mtandao wetu na intaneti), niliyodhani bado ina umri, jana imetoa onyo kwamba nafasi ya njia inakaribia kujaa. Nafasi yenyewe si RAM ya kawaida. Ni chipu ya pekee inayolinganisha anwani ya kila pakiti (kifurushi cha data) na njia zote kwa mpigo mmoja. Ni ghali, inakula umeme, na huwezi kuipanua kwa kuchomeka kipande kingine. Ikijaa imejaa, unatafuta ruta nyingine.

Kinachoijaza ni jedwali la njia la intaneti nzima. Kwa kila fungu la anwani ambalo mtu yeyote duniani ameamua kulitangaza kwa BGP, lugha ambayo mitandao huambiana njia, ruta yangu lazima iwe na mstari wake. Sina usemi. Mtu nisiyemjua akilimega fungu lake vipande 16, kesho asubuhi nina mistari 16 ya kubeba, na yeye hadaiwi hata senti. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huku kwetu usufi umeshafika darini.

Lengo: programu ndogo itakayosoma jedwali zima, itafute mistari ambayo ingeweza kufungwa pamoja ikawa mmoja, kisha inipe majina ya mitandao inayoongoza kwa kumega. Faili la matokeo nimeliita wakosaji.txt.

Siku ya 2, usiku

Data si shida. Mradi wa RouteViews wa Chuo Kikuu cha Oregon huweka hadharani picha ya jedwali kila baada ya saa mbili, na kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi miaka ya 1990. Nimepakua faili moja, nimeandika kisomaji, nimehesabu: zaidi ya mistari milioni 20.

Kwa dakika kama tano nilijiona mgunduzi. Halafu nikakumbuka kwamba kituo kinachokusanya data kina majirani wengi, yaani ruta za mitandao mingine zinazozungumza nacho, na kila jirani huleta jedwali lake zima. Fungu lile lile nimelihesabu mara moja kwa kila jirani. Nimechagua jirani mmoja, nikarudia. Hesabu ikashuka hadi karibu milioni moja za IPv4 (toleo la zamani la anwani, lenye biti 32), ambayo ndiyo hali halisi ya sasa. Zaidi ya nusu yake ni mafungu ya mkwaju 24 (/24), yaani vipande vya anwani 256; namba ikishuka kwa moja, fungu huwa kubwa maradufu.

Jambo la kukumbuka: baadhi ya majirani hawaleti jedwali zima, huleta njia zao na za wateja wao tu. Wa kwanza niliyemchagua alikuwa wa aina hiyo, ikabidi nibadilishe. Nisingetazama jumla ningesema intaneti imepungua.

Siku ya 4

Kosa la kijinga, lakini naliandika ili nisilirudie. Programu ilikuwa inaunganisha mafungu yoyote mawili yaliyopakana. Ikakuta 10.20.1.0/24 na 10.20.2.0/24 (anwani hizi ni za mfano, sitaki kumwanika mtu), ikayafanya fungu moja la /23 na kuendelea kwa furaha.

Haiwezekani. Ukiiandika ile namba ya tatu kwa biti, 1 ni 00000001 na 2 ni 00000010. Zinatofautiana kwenye biti mbili za mwisho, si moja. Mafungu mawili huungana pale tu yanapotofautiana kwenye biti ya mwisho ya kipimo chao: 0 na 1 ni ndugu, 2 na 3 ni ndugu, lakini 1 na 2 ni majirani tu, kila mmoja na mzazi wake. Nyumba zao zinagusana ukuta, urithi wao haugusani.

Baada ya kurekebisha, theluthi nzima ya "wakosaji" niliokuwa nimewakamata jana wameachiwa huru.

Siku ya 5

Nilianza na mti wa biti, kama kitabu kinavyofundisha: unashuka kushoto kwa 0, kulia kwa 1, hadi uifikie njia ndefu zaidi inayolingana. Unafanya kazi ila unakwenda kwa mwendo wa kobe. Kisha nikagundua kwamba kwa IPv4 sihitaji mti kabisa. Karibu hakuna anayepokea tangazo dogo kuliko /24. Si sheria iliyoandikwa popote kama amri, ni mazoea ya wenye ruta kuyakataa. Basi naweza kutengeneza safu moja yenye vyumba 16,777,216, kimoja kwa kila /24 inayowezekana, baiti nne kila chumba. Jumla megabaiti 64. Kompyuta yangu ya mkononi haikushtuka hata kidogo.

Safu hiyo imenipa pia kitu ambacho sikukitafuta: ukomo. Ukiondoa sehemu ya juu ya anwani, kuanzia 224 kwenda mbele, ambayo haitumiki kwa mawasiliano ya kawaida, zinabaki /24 zipatazo 14,680,064. Kwa hiyo hata dunia nzima ikimega kila kitu hadi kipande cha mwisho, tabaka hilo la vipande vidogo haliwezi kuzidi milioni 14 na ushee. Ni faraja ya aina yake, kwa mtu ambaye chipu yake inakwama kwenye milioni moja.

Siku ya 8

Leo sijaandika msimbo. Nimesoma hati za zamani za RFC (maandiko yanayoeleza kanuni za intaneti) kutwa nzima, maana nilitaka kujua nani alianza.

Mwaka 1981 anwani ya biti 32 ilipowekwa, ilikuwa na nafasi 4,294,967,296, na mafungu yalitolewa kwa vipimo vitatu tu. Daraja A lilikuwa na anwani milioni 16 na zaidi, daraja B 65,536, daraja C 256. Sasa chukua shirika lenye kompyuta 1,000. C haimtoshi, B inampwaya kama kanzu ya baba yake. Ataomba B. Kila mtu aliomba B. Na daraja B zilikuwa 16,384 tu duniani kote, hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilishaonekana wazi kwamba zinakwisha.

Jibu la haraka ni kumpa C nne badala ya B moja. Sawa, lakini C zilikuwa zaidi ya milioni mbili, na kila moja ikitangazwa peke yake ni mstari peke yake. Ruta za wakati ule zilikuwa zinahema kwa maelfu kadhaa. Hapo ndipo nilipoisimamisha kalamu. Ukiokoa anwani unaziua ruta, ukiokoa ruta unazimaliza anwani. Nilikuwa nimeyaona hayo kama matatizo mawili ya idara mbili, kumbe ni kamba moja inayovutwa pande mbili.

Kilichowaokoa ni CIDR, mwaka 1993. Madaraja yakafutwa, fungu likaweza kukatwa kwenye biti yoyote, na BGP toleo la 4 likajifunza kubeba urefu wa fungu pamoja na anwani yenyewe. Watu husifu hesabu ya biti, lakini nikisoma naona uzito ulikuwa kwenye ugawaji. Mtoa huduma anapewa fungu kubwa, anawakatia wateja wake ndani ya fungu hilo, na huko nje anatangaza mstari mmoja tu. Wateja elfu, mstari mmoja. Ugawaji ukifuata njia ambayo pakiti zitapita, jedwali linabaki dogo. Ukigawa kwa foleni ya waombaji, kila mgao ni mstari mpya wa milele.

Ila kuna bei. Mteja akihama mtoa huduma, anwani alizokuwa nazo zilikuwa za kuazima. Azirudishe, abadilishe namba kwenye kila mashine, kila kichujio, kila mahali pengine mtu alipoichapa anwani kwa mkono. RFC 2008 ya mwaka 1996 inalisema hili bila kumung'unya: kumiliki anwani na kuazimishwa ni mambo mawili, na kwa intaneti kubwa ni kuazimisha ndiko kunakoweza kubebeka. Waliofanya kazi na mitandao ya mashirika wanajua jinsi maneno hayo yalivyopokelewa. Mwenye nguvu alitafuta fungu lake mwenyewe lisilotegemea mtoa huduma yeyote, na kila fungu la namna hiyo likaongeza mstari. Wenye ruta nao hawakukaa kimya. Katikati ya miaka ya 1990 Sprint, kampuni kubwa ya mawasiliano ya Marekani, ilianza kukataa matangazo madogo kuliko /19 kwenye mafungu mapya. Ukija na kipande kidogo, wateja wao hawakuoni.

Masjala za kanda (ofisi zinazogawa anwani) zilizaliwa katikati ya mvutano huo: RIPE NCC 1992, APNIC 1993, ARIN 1997, LACNIC 2002, AFRINIC 2005. Kazi yao mara nyingi huelezwa kama kulinda anwani zisiishe. Sera zao za zamani, ukizisoma, zina mizani ya pili waziwazi: kugawa mafungu yanayoweza kufungwa pamoja.

Siku ya 9

Stoo tuna ruta ya zamani iliyostaafishwa. Nimeiwasha na kuimwagia jedwali zima la leo, kwa uchokozi tu. Chipu yake ina nafasi 524,288 za IPv4. Ilipofika hapo ikaandika onyo moja kwenye kumbukumbu, ikaanza kupitisha pakiti zilizobaki kwa kutumia prosesa kuu, na prosesa ikapanda hadi asilimia 100 ikabaki huko. Ping (pakiti ya majaribio ya kwenda na kurudi) iliyokuwa inachukua milisekunde 1 ikawa inarudi ikijisikia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 2014 kwa ruta nyingi za aina hiyo kwa pamoja. Jedwali lilikuwa limeshakaribia kikomo, kisha kampuni moja kubwa ikamwaga kwa muda mfupi njia mpya kama 15,000, na sehemu za intaneti zikaanza kuyumba. Kikomo kilijulikana, njia ya kukisogeza ilijulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kuingia na kuigusa ruta ambayo haijasumbua kwa miaka.

Siku ya 12

Mradi umegeuka leo, na si kuelekea nilikotaka.

Orodha ya wakosaji ilikuwa tayari. Wa kwanza ana fungu la /22 na ndani yake ametangaza /24 nne zote, yaani mistari mitano kwa anwani 1,024 zile zile. Kwa jirani niliyemchagua, mistari yote mitano ina njia moja, hatua kwa hatua. Upotevu mtupu. Nikataka kuhakikisha kabla sijamlaani, nikafungua jedwali la jirani wa pili kwenye faili lile lile. Huko, /24 mbili zinapita kwa mtoa huduma mmoja na mbili kwa mwingine. Jirani wa tatu: tatu kwa moja.

Yaani mistari inayoonekana kuwa ya bure nikiwa nimesimama hapa ina kazi ukisimama pale. Jamaa ana watoa huduma wawili na anagawanya mzigo. Hakuna mahali pa kusimama ambapo mtu mmoja anaona mistari ipi haina kazi kwa wote. Programu yangu ilikuwa inahukumu kwa kutazama dirisha moja.

Nimeigeuza isome majirani wote, na imkamate tu yule ambaye mistari yake midogo inafanana na mkubwa kila mahali. Orodha imekonda sana. Na hata hao waliobaki sina uhakika wa kuwalaani, kwa sababu ya tarehe 24 Februari 2008. Siku hiyo Pakistan Telecom, ikitaka kuizuia YouTube ndani ya nchi, ilitangaza 208.65.153.0/24 na tangazo likavuja nje. YouTube yenyewe ilikuwa inatangaza 208.65.152.0/22. Kwenye BGP kipande kidogo humshinda mkubwa daima, basi watazamaji wa sehemu kubwa ya dunia wakaelekezwa kusiko. Tangu hapo kuna watu wanaotangaza /24 zao makusudi hata pasipo na haja ya mzigo, ili mwizi au mzembe asipate pa kuwapita. Mstari huo haubebi tofauti yoyote ya njia. Unabeba hofu, na hofu yenyewe ina msingi.

Lakini kitu kimoja kimepatikana cha manufaa. Ikiwa kwa mtazamo wa ruta yangu mistari mitano inaelekea mlango mmoja, sina sababu ya kuiweka yote mitano kwenye chipu. BGP ibaki na jedwali kamili kwenye RAM ya kawaida, ambayo ni rahisi, na chipu ipewe nakala iliyofupishwa. Ufupisho ni wa kwangu peke yangu, simwathiri mtu. Ugumu ni pale mstari mmoja unapobadilika: ufupisho lazima ufunguliwe na kufungwa tena papo hapo, na njia hubadilika kila sekunde. Kesho naanza sehemu hiyo. Siku tatu, nikiwa na bahati.

Siku ya 16

Haikuwa tatu. Inafanya kazi, isipokuwa kikao kizima cha BGP kinapokatika na kurudi. Hapo inakwama sekunde kadhaa ikijijenga upya. Nitaitazama.

Siku ya 17

Kuna mtu ameniuliza kwa nini nahangaika na IPv4 wakati IPv6, toleo jipya la anwani, inakuja. Nimemjibu kwa hesabu. Sehemu ya IPv6 inayotumika sasa kwa anwani za umma ni 2000::/3, na kipande kidogo kinachopokelewa kwa mazoea ni /48. Idadi ya /48 humo ni 2 kwa kipeo cha 45, zaidi ya trilioni 35. Ule ukomo wa milioni 14 ulionifariji siku ya 5 haupo tena.

Kwa upande wa ugawaji IPv6 ni safi zaidi. Mtandao wa kawaida wa mtoa huduma hupewa /32 au zaidi kwa mkupuo na harudi masjala kuomba nyongeza, kwa hiyo zile chembechembe zinazotokana na kurudi dirishani mara kumi hazipo. Lakini kuwa na watoa huduma wawili, kugawanya mzigo, kujikinga na mwizi, vyote vimehamia huko bila kubadilisha nguo. Jedwali lake limeshavuka mistari 200,000, na kwenye chipu kama ya ile ruta ya stoo mstari mmoja wa IPv6 unakula nafasi ya miwili.

Upande wa IPv4, kuisha kwa anwani hakukusimamisha kitu. IANA, inayozigawia masjala za kanda, iligawa mafungu matano ya mwisho ya /8 tarehe 3 Februari 2011. Mwaka huo huo Microsoft ilinunua anwani 666,624 za Nortel, kampuni ya mawasiliano iliyofilisika, kwa dola milioni 7.5, na soko likafunguka. Sokoni fungu kubwa la zamani lililokuwa mstari mmoja hukatwa na kuuzwa rejareja, na kila mnunuzi ana mtandao wake. RIPE NCC nayo, kwenye /8 yake ya mwisho, ilimpa kila mwanachama /22 moja tu, hadi ikakauka tarehe 25 Novemba 2019. Kugawa hivyo ni haki kwa wageni, na kwa jedwali ni mvua ya mawe.

Siku ya 19

Kazi ya mchana imeingilia mradi. Tuna viungo viwili vya nje. Trafiki inayoingia imejaza kimoja hadi pakiti zinaanguka, na cha pili kinapiga miayo. Trafiki inayotoka naielekeza nitakavyo, ila inayoingia inaamuliwa na wengine. Nimejaribu kuirefusha njia yetu kwa makusudi, kurudia nambari yetu ya AS (utambulisho wa mtandao wetu kwenye BGP) mara nne upande uliojaa. Mtoa huduma wa upande ule hajali urefu. Anampendelea mteja wake moja kwa moja, na mteja ni sisi.

Imebaki dawa moja. Fungu letu ni /22. Nimelikata /23 mbili, moja kila kiungo, na /22 yenyewe nikaibakisha pande zote ili kiungo kimoja kikifa tusipotee. Kila mwamba ngozi huvutia kwake.

Mwenzangu wa zamu ya usiku ameisoma amri ile kwenye skrini kabla sijaibonyeza. "Kaka, ile orodha yako bado inapokea majina?"

Sikumjibu. Nikabonyeza. Nusu saa ikapita, trafiki imehama robo tu. Kumbe cheti chetu cha ROA, kile kinachosema nani ana haki ya kutangaza fungu lipi na hadi urefu gani, kilikuwa kimeandikwa /22 bila ruhusa ya kwenda chini zaidi. Kwa mitandao inayokagua vyeti, /23 zetu zilikuwa batili na zikatupwa. Nimeongeza vyeti viwili vya /23, nikasubiri vienee. Ilipofika saa nane usiku viungo vyote viwili vilikuwa vimelingana.

Siku ya 20

Nimepakua faili la asubuhi na kuendesha toleo jipya kwa majirani wote, kuona kama ufupisho bado una afya baada ya marekebisho ya jana. Una afya.

Kisha, kwa kuwa ile programu ya zamani, ya kabla ya mgeuko wa siku ya 12, bado ilikuwa kwenye folda, nimeiendesha nayo kwa jirani mmoja. Nambari yetu ya AS imo, kati ya mitandao mingine mingi yenye fungu moja na vipande viwili: mistari mitatu, miwili "inaweza kuondolewa". Nimekagua msimbo kama kuna hitilafu. Hakuna. Nimelibadilisha jina faili, sasa linaitwa mistari.txt.